Naomba ushauri: binti kapata nafasi Urusi na Marekani, anataka kusomea kutengeneza satelaiti

Fundi Dizeli
Wakuu habari za jioni. Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo limenifika nimeona nililete kwenu maana humu wapo waliosoma na wapo waliozunguka dunia.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli, Mbeya. Binti yangu wa kwanza kamaliza form six PCM, kapata division one, na tangu yuko form three kichwa chake kiko kwenye satelaiti. Sio maneno ya kitoto. Mwaka juzi alikunjua henga mbili za waya akazifunga kwenye fito mfano wa herufi V, kila mkono kama nusu mita hivi, akachomeka kile kifaa cha USB cha kunasia TV kwenye laptop ya kuazima, akaniambia baba panda juu ya bati ushike hii na usitikisike. Nikapanda nikashika. Mara laptop ikaanza kulia tik tok tik tok kama saa ya ukutani na picha inashuka mstari mmoja mmoja, mawingu, Ziwa Viktoria, Tanganyika, mpaka Nyasa letu hili. Akasema hiyo ni NOAA, satelaiti ya hali ya hewa ya Wamarekani baba. Asubuhi yake akanasa ya Warusi inaitwa Meteor kwa henga zile zile na ilitoka safi zaidi. Mwenzenu pale juu ya bati machozi yalinilenga.

Sasa Urusi wamempa skolaship ya serikali, ada yote wanalipa. Marekani chuo kimoja kinalipa nusu, nusu nyingine ni mpaka niuze kiwanja. Mjomba wake anasema Urusi imebaki jina tu, niuze kiwanja aende Marekani. Nataka kujua kiufundi nani anajua kazi, na mtoto akimaliza atapata wapi pa kufanyia. Nawasilisha.

Mzee wa Valvu
Shikamoo mzee wangu. Nilisoma Urusi miaka 6 mambo ya injini kwa hiyo naongea nilichokishika. Mwambie mjomba jina tu haliwezi kuuza injini kwa Mmarekani. Kwenye injini ya roketi kuna pampu inasukuma mafuta na oksijeni, na pampu inazungushwa na gesi ya moto. Wengi ile gesi ikishamaliza kazi waliitupa nje, ni kama ekzosi. Warusi wakasema haitupwi, irudi chumba kikuu ikaungue tena, tena gesi yenyewe imejaa oksijeni na oksijeni ya moto kwenye presha ile inakula chuma kama moto unavyokula karatasi. Wamarekani njia hiyo ya gesi iliyojaa oksijeni waliiacha, Warusi wakakomaa na aina za chuma na mipako yake mpaka ikakubali. Miaka ya 90 Wamarekani walipoingia kuona wakainunua injini yenyewe, RD-180, ikaanza kuruka na roketi ya Atlas mwaka 2000, na baadaye Atlas V ikapandisha satelaiti za kijasusi za Marekani zenyewe kwa injini ya Mrusi. Wewe fundi unajua maana ya adui kununua pampu yako.

Sakiti
Mkuu Valvu umesema kweli ila binti hajasema injini, kasema satelaiti, na hapo hadithi inageuka. Mzee soma hii taratibu.

Sputnik ya 1957 ilikuwa tufe la sentimita 58, kilo 83.6, ndani wamejaza naitrojeni na wameweka feni. Feni! Kwa sababu angani hakuna hewa ya kupooza vifaa, wao wakaamua kwenda na hewa yao ndani ya chombo kilichofungwa. Ni akili nzuri sana ya kuanzia, unachukua redio ya kawaida ya duniani inafanya kazi. Shida ni kwamba waliendelea na utaratibu huo miaka mingi mno wakati Wamarekani walishajifunza kutengeneza sakiti inayokaa kwenye ombwe, yaani pasipo hewa kabisa, joto linatolewa kwa kupitia kwenye chuma chenyewe. Chombo cha presha ni kizito, na siku gasketi moja ikivuja gesi ikaisha, satelaiti nzima imekufa. Wewe si unajua gasketi.

Matokeo yake yako kwenye GLONASS, ile GPS ya Warusi. 1995 walitimiza satelaiti 24 sawa na Wamarekani, ila za kwao zilikuwa zinadumu kama miaka 3 tu, na ndio nchi imefilisika hakuna hela ya kurusha nyingine, kufika 2001 zilibaki kama 7. Wamerudi kutimiza 24 mwaka 2011, na mwaka huo huo ndio wakarusha GLONASS-K, ya kwanza kwenye familia hiyo isiyo na chombo cha presha. Kwenye ujasusi vile vile, satelaiti ya Wamarekani ya KH-11, inayotuma picha kwa redio bila filamu, ilirushwa mwishoni mwa 1976, Wasovieti wakafikia hapo 1982. Kabla ya hapo wote walikuwa wanashusha filamu yenyewe kwa parachuti, Wamarekani wanaidaka na ndege ikiwa bado hewani.

Kifaru wa Ubungo
Sakiti unawaponda bure. 15 Novemba 2021 walilipua satelaiti yao wenyewe, Kosmos 1408, kwa kombora kutoka ardhini. Hao ndio wamebaki jina?

Sakiti
Siwapondi mkuu, nimewasoma kwa heshima maisha yangu yote. Lakini kulipua Wamarekani nao walilipua 1985 kwa kombora la kwenye F-15, na 2008 wakarudia kutoka melini. Ile ya 2021 iliacha vipande zaidi ya 1,500 vinavyofuatiliwa, wanaanga kule juu ikabidi wakimbilie kwenye vyombo vyao, na Warusi wenzao wakiwemo. Kuvunja sio kipimo. Kipimo ni kitu kukaa juu miaka 15 kinafanya kazi na hakuna fundi wa kupanda kukirekebisha. Na tangu 2014 vikwazo vimewabana kupata chipu zinazovumilia mionzi, hilo binti atalikuta maabara.

Dada wa Houston
Baba yangu shikamoo. Naishi huku Marekani, usiuze kiwanja kabla hujasoma hapa. Huku kuna sheria inaitwa ITAR, inahesabu teknolojia nyingi za roketi na satelaiti kama silaha, kwa hiyo kampuni nyingi za anga haziajiri mtu ambaye sio raia, hana green card, wala hajapewa ukimbizi. Nimeona vijana wenye digrii nzuri kabisa wanapeleka maombi kazi kumi zote swali la kwanza ni hilo, wanaishia kwenye programu za kompyuta. Kusoma atasoma vizuri sana, ila mlango wa kiwanda cha satelaiti za jeshi hata asiusogelee kichwani. Na Urusi vile vile za jeshi mgeni hagusi, hapo wote sawa.

Mama Nuru
Mimi naongea kama mzazi. Urusi iko vitani. Kuna mwanafunzi Mtanzania alifia Ukraine 2022, na kuna matangazo ya kazi za mabinti wa Kiafrika huko Tatarstan ambayo iliripotiwa wanaishia kiwandani kuunda droni. Akienda aende na skolaship ya chuo tu, karatasi yoyote ya kazi asiisaini bila kukupigia simu, na ajiandikishe ubalozini wiki ya kwanza.

Fundi Dizeli
Nimesoma yote mbele yake, yeye ndio alikuwa anasoma kwa sauti. Alipofika kwenye feni ya Sputnik akanyamaza, akaenda kuchukua daftari akachora tufe na feni ndani, akaniuliza baba hewa ikizunguka kwenye kitu kisicho na uzito moto unapanda juu ya wapi? Sikuwa na jibu. Nimeona kiwanja nikiache kwanza. Mjomba kakasirika ila atapoa.

Mkuu Valvu, anauliza mitihani kule ikoje na lugha ataiweza?

Mzee wa Valvu
Mwaka wa kwanza ni lugha tupu mzee, hasomi kingine cha maana, asikate tamaa mwezi wa tatu ndio masikio hufunguka. Mitihani mingi ni ya mdomo, unaingia unaokota bileti mezani, karatasi yenye maswali mawili au matatu, unakaa dakika chache unaandika halafu unamwelezea profesa uso kwa uso na anakuuliza kwa nini mpaka ufike mwisho wa unachokijua. Na lile swali lake la feni jibu ni hili, kusiko na uzito moto haupandi, hewa ya moto inaganda pale pale kwenye kifaa mpaka kiungue, ndio maana waliweka feni. Swali kama hilo akiliuliza pale watampenda. Viatu vya baridi asinunue Mbeya, anunue huko huko.