Sheli imepigwa kufuli miezi minane, visima bado vinanuka petroli. Majibu ya vipimo yako wapi?

Wakuu habari za humu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tuko Moshi, upande wa chini ya reli. Juu yetu kidogo kuna sheli, siitaji jina, kesi sizitaki. Mwaka jana mwezi wa kumi jirani yangu alichota maji kisimani kwake, akakuta juu ya ndoo kuna utando unaong'aa rangi rangi kama dimbwi la gereji. Akadhani ndoo ilishikwa na dizeli, akabadilisha. Yale yale. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kisima chetu. Ukioga unatoka unanuka kama fundi pikipiki.

Tukapiga kelele, wakaja. Wakachota maji kwenye chupa za kioo, wakachoronga udongo pembeni ya matenki, wakaandika majina yetu, tukasaini. Siku ya tatu geti likapigwa kufuli, utepe ukazungushwa, karatasi ikabandikwa. Tulishangilia! Mimi mwenyewe niliwanunulia watoto soda.

Mpaka leo kilichofanyika ni hicho tu. Utepe umekatika, mbuzi wanalala kwenye kivuli cha pampu. Nikienda kwa watu wa mazingira naambiwa faili liko kwa wenzao wa mafuta. Watu wa mafuta wanasema mambo ya maji na udongo si yao. Mtendaji naye ananiambia nisubiri barua. Barua ya nani, hasemi. Hata kama matenki yamemalizwa kunyonywa hatujui. Babu mlinzi anasema aliona boza likija mara moja tu.

Jamani, kufuli la getini linazuia magari. Petroli iliyokwisha kuvuja halizuii. Petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu ya maji ya ardhini na kuyafuata yanakoteremkia. Na Moshi hii kila kitu kinateremka kutoka mlimani, sisi tuko chini. Kisima chetu kina futi 30 tu. Ndani ya petroli kuna benzini, inayosababisha saratani ya damu, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Yaani tone moja la benzini tupu likidondoka kwenye simtanki ya lita 2,000, kikomo kimeshavukwa.

Halafu anakuja mtu na kitambulisho shingoni anatuambia tuchemshe! Kuchemsha kunaua vijidudu, petroli ni kijidudu? Ule mvuke wake unabaki jikoni, na jiko lenyewe la mkaa.

Kwa sasa tunanunua madumu 6 kwa siku, shilingi 300 dumu. Piga hesabu ya miezi minane, ni zaidi ya laki nne kwa nyumba moja. Mjuaji atakayekuja kusema tuvute bomba, hela ya kuunganishiwa ndiyo hiyo inayoishia kwenye madumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na aliyechafua ndiye anayepaswa kulipa. Kwetu anayelipa ni aliyechafuliwa. (Wale vijana wa pampu waliopoteza kazi nawaonea huruma, matenki hawakuyazika wao.)

Kilichonifanya niandike leo ni hiki: juzi walikuja watu na futi kamba, wakapima kile kiwanja. Nasikia kinauzwa, zinajengwa fremu za maduka. Udongo haujatolewa, matenki hayajafukuliwa, majibu hatujaonyeshwa. Wakishamwaga zege pale juu, nani atakubali kuchimba tena?

Kwa hiyo naomba mwenye ujuzi anisaidie. Mwananchi anaandikaje kudai nakala ya vipimo vilivyochukuliwa kwenye kisima chake mwenyewe? Na kuna maabara Moshi au Arusha inayopokea maji ya mtu binafsi kupima mafuta, kwa bei gani? Jana nimechota chupa mbili za kioo, nimejaza mpaka juu bila kuacha hewa, ziko kwenye friji ya dada yangu. Amenipa mpaka Jumamosi nizitoe, anasema maziwa yake yameanza kunuka sheli.