Brauza ipi salama kwa stesheneri: Chrome, Firefox, Brave au Opera?

Mwanjelwa_Boy: Wakuu, Jumatatu nafungua stesheneri. Wateja wataingia kuomba mkopo wa chuo, ajira, na barua pepe zao. Kijana aliyeniuzia mashine kaniwekea Opera, jirani ananiambia Brave. Ipi salama?

Kipanga: Windows gani? RAM ngapi? Umeleta mgonjwa husemi anaumwa wapi.

TikitiMaji: Weka Firefox, ulale. Chrome, Edge, Opera, Brave, zote ni Chromium, injini ya Google, wamebadilishana mashati tu. Injini ikitoboka, wote wanavuja.

Nukta: Na Google anaziba haraka. Halafu Chrome ya kompyuta ilianza kutenga kila tovuti kwenye chumba chake tangu 2018. Firefox yako imefika huko 2021.

TikitiMaji: Inatenga tovuti, yenyewe inakuchungulia.

Nukta: Hiyo ni faragha. Kaulizia usalama.

MamaShaibu: Nyie bishaneni. Mimi brauza ilikuwa mpya kabisa. Kijana wangu wa kaunta akaweka kiendelezi cha kupakua video, kikaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa, akabonyeza kubali. Wiki nzima matangazo ya kamari yanaruka, tukadhani ni mtandao. Siku ya tatu tangu tukifute, binti mmoja karudi analia, barua pepe yake imechukuliwa na nywila imebadilishwa. Nilipofungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa, nilikuta za watu zaidi ya arobaini! Kila mteja alikuwa akiulizwa "nihifadhi?" anabonyeza ndiyo. Sikuwahi kuzima. Binti yule mpaka leo akipita dukani hanisalimii.

Kipanga: Pole dada. Wateja wafungulie hali ya mgeni, wakifunga madirisha yote historia na akaunti walizoingia zinafutika, ila faili walizopakua zinabaki.

Mwanjelwa_Boy: Samahani wakuu, nilikuwa kwa fundi umeme. Ni Windows 7, RAM GB 2.

Kipanga: Si ungesema tangu asubuhi! Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, na Edge iliishia hapohapo. Mozilla ndio walioendelea kutoa viraka, kwenye Firefox 115 ESR, toleo linalohudumiwa muda mrefu. Ila Windows yenyewe Microsoft waliiacha Januari 2020. Unafunga kufuli jipya kwenye mlango wa bati.

TikitiMaji: Nilisema Firefox.

Nukta: Ulisema bila kujua sababu.

ChumviYaUvinza: Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, acheni kelele.

MamaShaibu: Mteja akikosa Word anayoijua anahamia duka la pili, baba.

Mwanjelwa_Boy: Hiyo Linux itakubali printa yangu?

Kipanga: Printa gani?