Mjadala: Je, aliyeteuliwa na jimbo la Kanada alazimishwe kubaki humo?

Mleta mada: Tangu Manitoba ilipofungua njia mwaka 1998, majimbo ya Kanada yamekuwa yakiteua wahamiaji wenye ujuzi, kisha serikali kuu hukagua afya na usalama na kutoa ukaazi wa kudumu. Katika Express Entry, mfumo wa serikali kuu unaowapanga waombaji wenye ujuzi kwa alama, uteuzi huo humwongezea mwombaji alama 600, ambazo aghalabu humpatia mwaliko wa kuomba ukaazi huo. Kisha wapo wanaoteuliwa na jimbo dogo kama Prince Edward Island, wakapata hati zao na kuhamia Toronto, jimboni Ontario, ambako, tukubaliane, jamaa zetu wengi ndiko waliko. Jimbo hubaki na pengo lile lile. Naona sheria imlazimishe mteule akae humo walau miaka mitatu.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, pendekezo lako halivuki kikwazo cha katiba. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982, ulio sehemu ya katiba ya Kanada, kinampa raia, na pia mkaazi wa kudumu, haki ya kuishi na kutafuta riziki katika jimbo lolote, na hata kifungu cha 33, kinachoruhusu bunge kuweka kando baadhi ya haki, hakiigusi hiyo. Aliyedanganya kuhusu nia yake ya kuishi jimboni anaweza kuchukuliwa hatua, lakini kubadili nia baada ya kufika si udanganyifu. Isitoshe, wengi husubiri ukaazi wakiwa na kibali cha kazi kinachowafunga kwa mwajiri mmoja, ambaye ndiye aliyeshika mpini. Wewe unataka kuwarefushia muda huo wa kufungwa. Afadhali mpango wa uhamiaji wa majimbo ya Atlantiki, yaani yale ya pwani ya mashariki, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 na kufanywa wa kudumu mwaka 2022, unaodai uandaliwe mpango wa kumsaidia mfanyakazi pamoja na familia yake kutulia jimboni.

Mleta mada: Kifungu cha 1 cha mkataba huo huo kinaruhusu mipaka inayofaa, ingawa nakiri mahakama zingekuwa kali. Ila usisahau kwamba lengo la kitaifa la kupokea wateule wa majimbo lilishushwa kutoka 110,000 mwaka 2024 hadi 55,000 mwaka 2025, hivyo kila anayeondoka anauma zaidi. Ikiwa mtu hazuiliki, basi nafasi yake irudishwe kwa jimbo lililomteua na ikatwe kwenye mgao wa jimbo alikohamia. Wakazi wa Ontario mnasemaje?