Naomba ushauri: buti za shafti za nyuma zinavuja grisi kwenye Porsche 944, nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani

KonaKali
Habari zenu wakuu. Nina Porsche 944 ya mwaka 1986. Nilivua matairi ya nyuma ili nikague breki, nikakuta grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu ya kushoto, kwenye mkono wa saspensheni na hadi juu kwenye bodi. Buti ya nje upande huo (mpira unaofunika jointi, yaani kiungo chenye gololi kwenye ncha ya shafti, na kushikilia grisi yake) imechanika karibu mzunguko mzima. Ya ndani bado nzima, ila mpira umekauka na ukiuminya nyufa zinafunguka. Upande wa kulia hakuna iliyochanika, lakini grisi inatokea kwenye klipu.

Gari halina mlio wowote, iwe kwenye kona au nikiondoka kwa nguvu. Nina jeki, stendi nne, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na sakafu ya zege iliyo sawa. Sijawahi kutoa shafti ya gari hili. Je, hii ni kazi ya kufanyia nyumbani? Nibadilishe buti moja tu au zote nne? Na zile buti za kupasuliwa na kugundishwa gundi, ambazo hazihitaji kutoa jointi, zinafaa?

SpanaYaBaba
Mkuu, nyumbani inafanyika kabisa. Gari lako lina bahati moja: shafti zake zimefungwa kwa bolti ncha zote mbili, sita upande wa geaboksi na sita upande wa gurudumu. Huna haja ya kugusa nati kubwa ya gurudumu wala kufungua saspensheni. Ukitoa bolti 12, shafti inashuka na unakwenda kuifanyia kazi mezani.

Badilisha zote nne. Zina umri mmoja, na kazi kubwa ni kufungua, si kuvisha buti.

Gololi6
Naongezea kuhusu hizo bolti, maana hapo ndipo watu wengi wanakwama. Vichwa vyake vina tundu, na tundu hilo limejaa grisi iliyokauka na vumbi. Ukiingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) juu ya uchafu inashika juu juu tu, ukivuta inazungusha tundu na kichwa kinaharibika. Chukua kitu chembamba chenye ncha, chokonoa kila tundu hadi uone chuma, puliza kwa breki klina, kisha angalia vizuri umbo la tundu. Baadhi zina pembe sita, nyingine zina meno 12, na kwa mbali zinafanana. Kila moja ina soketi yake. Igonge soketi kwa nyundo hadi ikae chini kabisa ndiyo uvute.

Vuta breki ya mkono, legeza bolti mbili tatu zinazofikika, achia breki, zungusha gurudumu, vuta tena breki, endelea. Kabla ya yote hayo weka vizuizi kwenye matairi ya mbele na hakikisha gari limekaa kwenye stendi. Usiingie chini likiwa kwenye jeki peke yake hata kwa bolti moja.

FundiMpole
Kuhusu buti za gundi: usiweke. Mshono wake unahitaji mpira mkavu kabisa ili gundi ishike, na pale chini kila kitu kimelowa grisi. Zaidi ya hapo, ukiziweka bila kutoa jointi hutaisafisha. Buti iliyochanika imekuwa ikiingiza mchanga na maji, na sasa unataka kuufungia mchanga huo ndani pamoja na grisi mpya. Mchanga ndani ya jointi unasaga chuma kila gurudumu linapozunguka.

KonaKali
Nashukuru sana wakuu. Gundi nimeachana nayo. Sasa nikishaishusha shafti, jointi inatokaje?

Gololi6
Kwanza weka alama kwa rangi: shafti ya upande gani, ncha ipi ya nje, na uso upi wa kila jointi unatazama nje. Fungua klipu za buti, sukuma kifuniko cha bati kitoke kwenye jointi. Mwishoni mwa shafti utaona pete ya chuma iliyokaa kwenye mfereji wake. Itoe kwa plasi za kufungulia pete, na ukirudisha weka mpya.

Kisha egemeza jointi kwa chini na ugonge shafti itoke. Egemeo likae kwenye pete ya ndani ya jointi, ile yenye meno. Ukiegemeza pete ya nje, nguvu yote ya nyundo inapita kwenye gololi na kizimba chake, na unaweza kuharibu jointi iliyokuwa nzima. Nyuma ya jointi kuna washa iliyobonyea kama kisahani. Piga picha uone imetazama wapi kabla hujaitoa.

SpanaYaBaba
Na usiipindishe sana jointi ukiwa umeishika mkononi, gololi zitadondoka. Ziko sita, na kila moja imezoeana na njia yake. Ukitaka kuifungua yote kwa usafi wa kina, weka alama ya kila gololi na njia yake. Wakati wa kurudisha, sehemu pana kati ya mifereji ya pete ya nje ikutane na sehemu nyembamba ya pete ya ndani. Ukikosea hapo jointi inagoma kupinda. Ikigoma usilazimishe kwa nyundo, fungua upange upya.

BintiGereji
Habari. Mimi ningependa usimame kidogo hapo kwenye usafi, maana buti ni mpira tu, kinacholindwa ni jointi. Osha kwa mafuta ya taa hadi chuma king'ae, kausha kabisa, halafu pitisha ukucha kwenye kila mfereji. Mng'aro tu wa njia ya gololi ni kawaida. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, au ukiona chuma kimeanza kubanduka, jointi hiyo usiivishe buti mpya. Kukosa mlio si ushahidi kwamba ni nzima, mlio huja uharibifu ukishakwenda mbali.

Grisi iwe ile nyeusi yenye molibdeni, iliyotengenezwa kwa ajili ya jointi hizi. Ya beringi haitoshi. Fuata kiasi cha pakiti iliyokuja na buti, ikande kwa kidole ipite katikati ya gololi, inayobaki iende ndani ya buti. Kabla ya kukaza klipu ndogo, inua mdomo wa buti kwa bisibisi butu ili hewa itoke, vinginevyo itavimba au itajikunja.

KonaKali
Dada, ushauri wako umenifikia kwa wakati. Nimeshusha shafti ya kushoto na kuosha jointi zote mbili. Ya ndani inang'aa, laini kabisa. Ya nje ina vishimo kwenye mifereji miwili, ukucha unanasa. Gololi mbili pia zimepoteza mng'aro. Bado inapinda vizuri bila kukwama. Niirudishe hivyo kwa muda?

BintiGereji
Hapana kaka, nunua jointi mpya. Vishimo haviponi kwa grisi, vinapanuka, na vipande vya chuma vinavyotoka vitaharibu na mifereji iliyobaki. Unayo mezani sasa hivi, huu ndio wakati wake.

Mtembezi
Kuna mbinu ya wazee: kama shafti zina urefu sawa (zipime), ya kushoto inahamishiwa kulia ncha ya nje ikibaki nje. Gololi zinaanza kusukuma upande wa pili wa mfereji, ambao haujachoka.

BintiGereji
Ni kweli, nami naikubali kwa jointi iliyochakaa kidogo upande mmoja. Yenye vishimo haiingii humo.

KonaKali
Basi naagiza jointi ya nje ya kushoto. Swali la mwisho, ukazaji ukoje?

Gololi6
Futa grisi yote kwenye nyuso zinazokutana, kwenye nyuzi za bolti na ndani ya matundu yake. Grisi ikibaki pale bolti zinalegea. Rudisha na vile visahani vyenye matundu mawili vinavyokaa chini ya vichwa. Shika zote kwa mkono kwanza, kaza kwa kuvuka upande wa pili, kisha malizia kwa 42 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza kwenye spana ya toki) kwa bolti za M8, yaani zenye kipenyo cha milimita 8. Bolti yenye kichwa kilichoanza kulika weka mpya. Nati za matairi ni 130 Nm, gari likiwa limeshuka chini. Ukishaliendesha siku chache, rudi chini na spana ya toki upitie bolti zote 24.