Mama anakwenda New Jersey: ndege ya moja kwa moja au ya kupitia Doha?

Tausi_Ngara: Wapendwa, mama yangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hajawahi kupanda ndege. Desemba anakwenda kwa dada yangu, New Jersey. Tiketi ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi JFK, uwanja wa ndege wa New York, imezidi ile ya kupitia Doha, Qatar, kwa pesa ambazo kwetu si kidogo. Nilipe?

MzeeWaRamani: Tazama umbali kwanza. Nairobi hadi JFK ni kilomita 11,800 na kidogo, na katikati ya njia hiyo fupi ni karibu na Marrakesh, Morocco, jirani na Ulaya. Ndiyo maana kupitia Amsterdam hakuongezi sana, jumla 12,500 hivi. Doha iko upande mwingine kabisa: unakwenda karibu kilomita 3,400 kaskazini mashariki, halafu unageuka na kusafiri nyingine 10,800 hivi. Moja kwa moja ni saa 15. Doha ni saa 5 na kitu, kisha 14 hivi, na hapo hujahesabu kusubiri.

Kipanga_Athi: Na kurudi ni kama saa 14, kwa kuwa pepo za juu hapo Atlantiki huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ugumu mwingine ni kuruka. JKIA, uwanja wetu wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ndege imebeba mafuta ya safari nzima. Ubaridi wa usiku husaidia. Kenya Airways walianza safari hiyo Oktoba 2018 kwa Boeing 787.

BintiLamu: Tausi, mimi nafikiria magoti. Saa 15 kitini ni mateso kwa mzee. Doha angalau atanyoosha miguu.

MzeeWaRamani: Dada, atainyoosha ndani ya ndege, ainuke kila baada ya muda atembee. Anasafiri na nani?

Tausi_Ngara: Peke yake. Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu.

BintiLamu: Basi nimebadili mawazo. Kutafuta geti usiku, peke yake, hapana.

Kipanga_Athi: Omba kiti cha magurudumu sasa hivi unapokata tiketi, hakilipiwi. Atasukumwa hadi mlangoni mwa ndege, na JFK atapokelewa na kupitishwa uhamiaji. Na ukiamua kuunganisha, iwe tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti, huenda akalazimika kutoka kuchukua mizigo na kuisajili upya, na kwa Amsterdam hiyo ni viza ya Schengen, ya kuingia Ulaya.

MzeeWaRamani: Desemba New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Akiondoka karibu na saa sita usiku, anatua asubuhi. Dada yako amsubiri na koti zito.

Tausi_Ngara: Asanteni sana. Dada amekubali kuongezea nauli, tunachukua ya moja kwa moja. Nimeomba kiti cha kando ya njia, karibu na choo.