Kipindupindu cha London: tumlaumu mkazi au mwenye bomba?

Wadau, kuna mchangiaji amesema London ya enzi za Malkia Victoria ilishinda kipindupindu pale wananchi walipoelimika na kuacha uchafu, na kwamba sheria na mabomba vilifuata baadaye. Napinga kabisa.

Twendeni kusini mwa mto Thames, mwaka 1854. Kampuni mbili za maji zilikuwa zimelaza mabomba kwenye mitaa ileile: nyumba hii inapata maji ya Lambeth, ya jirani inapata ya Southwark and Vauxhall, matajiri na maskini wamechanganyika. Lambeth ilikuwa imehamia Thames Ditton mwaka 1852, huko juu mtoni ambako majitaka ya jiji hayafiki. Wenzao waliendelea kuchota Battersea. Daktari John Snow akafuatilia nyumba zilizofiwa, moja moja, akiuliza maji yao yanatoka kampuni gani. Kwa wiki saba za kwanza, katika kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall walikufa watu 315. Za Lambeth, 37. Hao ni majirani, hewa yao moja na taka zao za mtaani ni zilezile.

Mwaka 1866 ikawa zamu ya East End, mitaa ya mashariki mwa London. Kampuni iliyouza maji huko ilijitetea gazetini kwamba maji yake yote yamechujwa. Wateja wakajitokeza na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, walionasa kwenye mabomba ya nyumba zao. Mkunga hapiti kwenye chujio la mchanga! Uchunguzi ukaelekeza kwenye mabwawa ya wazi ya kampuni hiyo huko Old Ford, karibu na mto Lea uliochafuliwa. East End ilizika watu zaidi ya 5,000. Hao mngewapa semina ya kunawa mikono, kwa maji yapi?

Wanaoogopa mabavu ya serikali nawaelewa. Edwin Chadwick, mwanamageuzi mkubwa wa afya, aliamini kwamba harufu mbaya ndiyo inayoleta ugonjwa. Mifereji ikasafishwa kwa kusukumia kinyesi Thames, mto uleule watu waliokunywa. Hilo lilikuwa kosa la wakubwa, na liliua. Lakini hiari nayo ilijaribiwa. Sheria ya afya ya jamii ya 1848 iliiachia miji mingi ijiamulie, isipokuwa pale vifo vilipozidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, na kwingi walipa kodi walikataa gharama. Ikabidi sheria za 1872 na 1875 zilazimishe kila wilaya iwe na daktari wa afya ya jamii na bwana afya wake. Kampuni za maji za London zenyewe zilibaki mikononi mwa watu binafsi hadi 1904, jambo ambalo kwangu ni aibu kuliko yote, maana ushahidi ulikuwapo miaka hamsini.

Wenye hoja ya elimu, nijibuni hapo kwenye 315 na 37. Mkiweza kuzieleza tarakimu hizo bila kutaja maji, nitawasikiliza.