Naomba ushauri: mdogo wangu ana maumivu, vipimo havionyeshi kitu

Assalaam aleikum dada zangu. Mdogo wangu yuko Malindi, ana maumivu chini ya kitovu tangu Ramadhani, na tendo la ndoa limekuwa adhabu. Mkojo umepimwa, ultrasaundi imepigwa, kote "hakuna kitu", na kila akirudi anapewa antibayotiki zile zile. Mavyaa yake anasema ni jini, anyweshwe kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani).

Juzi namsuka, nikaona alama za vidole shingoni. Ndipo akafunguka: mumewe humpiga na kumwingilia kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani linataja maumivu ya nyonga na magonjwa ya zinaa kati ya madhara ya ukatili wa aina hii, kwa hiyo ya jini mniwachie (sitaki ubishi).

Namba 1195, ya simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia Kenya, tunayo, ni ya bure, ila anaogopa mume hupekua simu.

Akimwambia daktari ukweli, matibabu yatabadilika? Na je, daktari atalazimika kupeleka polisi bila yeye kukubali? Anayemjua daktari wa kike wa wanawake, Malindi au Kilifi, anayemtoa mume nje kwanza, aniandikie faraghani.